Fomu ya Kodi na Jina la Ghaliya

Izime hiyo AC, Ghaliya, inaunguruma kama pampu iliyoishiwa grisi na mimi leo sina pumzi za kushindana nayo; kisha njoo ukae, usinisimamie mlangoni kama mgeni. Na wewe Laith, babaangu, simu itie mfukoni. Umetoka Ujerumani jana na kazi zako najua haziishi, lakini nitakayoyasema saa hii sitaweza kuyasema mara ya pili. Kaeni pale ninapoziona nyuso zenu, nyote wawili, maana sina watoto wengine na mama yenu Kaltham keshatangulia, na mnisikilize mpaka nimalize. Anayetaka kunikatiza akumbuke kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu, na ugonjwa haujanipunguzia.

Hawa wazee wawili nimewaita kwa ushahidi. Sheikh Nasr mnamjua, tumegawana naye ukuta mmoja tangu tulipojenga hapa Ibra, alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini, na yeye ndiye anayeandika. Sheikh Muslim ni imamu wetu. Sikio lake la kushoto limekwisha kazi, ndiyo maana mnaona amenigeuzia la kulia. Cheka tu, Sheikh, sote hapa tumepungua kitu.

Alhamisi daktari alimvuta Ghaliya nyuma ya pazia akamnong'oneza, wakadhani nimelala. Sikulala. Figo zimekwisha, na moyo hauihimili tena ile mashine ya kusafishia damu, nami nikasema basi, nirudisheni nyumbani nikafie kwenye kitanda ninachokijua. Sitaki mtu alie kwa hilo. Miaka sabini na tisa si michache, na mambo ya kuliliwa ni mengine, nayafikia.

Desturi ya hapa mnaijua. Mtu hafi mpaka akiri haki za watu zilizo juu yake, moja moja, mbele ya mashahidi, ziandikwe na zilipwe kabla mirathi haijaguswa. Niliposhuka Oman mwaka wa sabini na mbili, kijana wa Unguja nisiyejua hata kufunga kilemba, niliwacheka wazee wa huku. Nilimsikia mzee mmoja wa Nizwa, roho ipo kooni, akikiri kwamba mwaka fulani wa ukame alifungulia maji ya falaj, mfereji wa kijiji, shambani kwake robo saa kabla ya zamu yake, na akamtaja jirani aliyemnyima maji hayo, na wanawe wakaandika. Mimi nikasema moyoni, watu hawa wana wazimu, robo saa ya maji. Leo nina yangu ya kukiri na ningefurahi kama ingekuwa robo saa ya maji.

Basi andika, Sheikh Nasr. Mimi Musallam, fundi wa pampu, mwenye akili yangu timamu. Kwa warithi wa yule bwana wa Al Hamra mwenye shamba la makomamanga, rial kumi na mbili, maana nilimtoza bei ya mkanda mpya wa pampu nikamfungia uliotumika, nilikuwa na haraka ya kurudi Firq na nikajiambia nitaubadilisha wiki ijayo. Wiki ijayo haikuja. Hiyo ndiyo dhuluma moja ya kazi ninayoijua, na nimefanya kazi ile karakana ya Firq miaka thelathini na nane bila ya mtu kunifundisha hata kukaza nati. Pampu yenyewe ndiyo iliyokuwa mwalimu wangu, nikiifungua nikaifunga, na Kiingereza nikakisoma kwenye vile vijitabu vinavyokuja ndani ya sanduku la mashine. Hakuna mtu niliyemwambia pampu yake imekufa na haijafa. Kuna mwenye shamba mmoja, mkubwa wa watu, alinijia na wafuasi wake, nikamwambia bwana, mashine yako nzima, kisima chako ndicho kilichokauka, rudi nyumbani usinitilie mchanga. Alikasirika mwaka mzima. Kisha akawa hampelekei fundi mwengine.

Nimejisifu kwa hilo maisha yangu yote, mnanijua. Barzani, msikitini, kwenye harusi za watu, Musallam hasemi uongo. Sasa sikilizeni.

Andika pia siku thelathini za Ramadhani nifungiwe, za mwaka niliopasuliwa, na mfungaji alipwe haki yake. Nyumba hii igawiwe kama Mungu alivyogawa, sina neno juu ya hilo. Gari bovu lile mpeni atakayelitoa uani. Na kwa watoto wa marehemu dada yangu Basma, walioko Sur, andika haki. Kiasi nitakisema. Mama yangu alikaa kwa Basma miaka saba hajiwezi, nami nilikuwa Firq nikituma pesa kila mwisho wa mwezi, na Sur nzima ilisema Musallam mwana mwema, anamtunza mama yake. Basma alifariki miezi minne baada ya mama. Mgongo, walisema. Ulianza kuuma lini sijui, sikuwahi kumuuliza. Andika rial mia tano, na waambieni kwamba nimesema hazitoshi.

Laith, sasa ni wewe, na usiiname. Mzee akisema nawe mtazame.

Miaka mitatu iliyopita ulinipigia Ijumaa baada ya sala. Ukasema, "Shikamoo, Baba. Kuna fomu nimemtumia Ghaliya, aichape, uitie sahihi, kisha ipigwe muhuri wa serikali ya hapo."

Nikakuuliza, "Fomu ya nini?"

"Ya kodi tu. Huku mtu akimtunza mzazi wake serikali inampunguzia kodi. Haki yangu kabisa, Baba."

"Kama haki yako, mbona unanong'ona?"

Ukacheka, ukasema watoto wamelala. Mchana wa Ijumaa.

Ghaliya aliichapa skuli anakosomesha, akaniletea, akaiweka hapa kitandani, akaenda kupika. Nikavaa miwani nikaisoma, na nasema mbele ya mashahidi kwamba niliisoma, asije mtu kesho akanitetea kwamba mzee wa watu hakuelewa. Chini ya Kijerumani palikuwa na Kiingereza, nikaisoma kama nilivyosoma vijitabu vyangu, neno kwa neno, na kidole. Iliuliza mzee anapata nini kwa mwezi. Uliandika kidogo ninachopata, kweli. Iliuliza mzee ana akiba gani, uliandika hana. Kisha iliuliza, nani mwengine anayemsaidia mzee huyu. Pana mistari mitatu ya kujaza majina. Ulipiga kalamu, Laith, kutoka pembe hii hadi pembe ile. Jikoni nasikia sufuria, nasikia maji yanamwagwa kwenye mchele, na mkononi nina karatasi inayosema jikoni hamna mtu.

Nikakupigia. Ulinieleza vizuri, siwezi kusema hukunieleza. Ukasema wakijua kuna mwengine anayenitunza watakukatia ile nafuu, tena watauliza mshahara wake, na barua hazitakwisha. Ukasema mkeo Alyaa ameachishwa kazi, kodi ya nyumba imepanda, na watoto watatu. Ukasema, "Baba, ni karatasi tu, haibadilishi kitu hapo nyumbani. Dada anajua."

Sikumuuliza dada kama anajua.

Mnataka kujua kwa nini nilitia sahihi? Nilifurahi. Huo ndio ukweli wenyewe, na ndio unaoniuma kuliko uongo. Tangu nifunge karakana sikuwa na kitu cha kumpa mwanangu wa kiume. Nilikuwa mtu wa kupewa. Nakalishwa, nanyanyuliwa, nakatiwa nyama sahanini. Leo mwanangu ananitaka, kuna kazi ambayo hawezi kuifanya mwengine yeyote duniani ila mimi, nayo ni kuwa fakiri wake. Nikatia sahihi kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Na juu ya kumsahau Ghaliya, hata sikujiona nimemsahau. Mtoto wa kike aliye ndani ya nyumba hatumhesabu. Wa mbali akituma kitu tunakitangaza, Laith kaleta, Laith kafanya, mimi mwenyewe nimesimama nje ya msikiti nikawaambia watu Laith ananitunza. Wa karibu anayetuosha tunamwambia, chai hii imepoa.

Siku ya pili Ghaliya akaomba ruhusa skuli, akanitia garini, akanipeleka penye muhuri. Foleni ndefu, watu wengine nawajua. Dirishani alikuwa Yazan, yule aliyesomeshwa na Ghaliya darasa la nne, sasa kijana mwenye ndevu. Alitusalimia kwa adabu, akaichukua fomu, akawa anaisoma kwa sauti kama wanavyofanya, apate kuielewa. Mzee huyu ni mhitaji. Hana akiba. Hana wa kumsaidia ila mwanawe aliye Ujerumani. Kwa sauti, mbele ya watu ambao nimewatengenezea pampu zao.

Akanyanyua macho, akasema, "Ami, na mwalimu Ghaliya je? Si ndiye anayekaa na wewe?"

Ghaliya alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono mmoja umeshika kiti changu cha magurudumu, mwengine mfuko wa dawa zangu. Na mimi, kwa hasira ya kusomwa umaskini hadharani, kwa hofu ya kwamba mambo ya Laith yataharibika, nikasema, "Huyu kanileta tu."

Umeandika, Sheikh Nasr? Yaandike hayo hayo. Huyu kanileta tu.

Yazan akamtazama mwalimu wake. Na Ghaliya akasema, kwa ile sauti yake ya darasani, "Piga muhuri, Yazan mwanangu, watu wanangoja."

Njiani hakunena neno baya. Alisimama penye duka la dawa, akanunua nepi zangu kwa pesa yake, akarudi, akaniuliza kupitia dirishani kama nataka juisi ya limau. Nikasema ndiyo. Niliinywa yote. Lakini tangu siku ile, nyinyi hamlijui hili, tangu siku ile hajakula na mimi. Tulikuwa tunakula sinia moja, mimi na yeye, tangu mama yenu afe. Sasa huniwekea sinia, anikatie nyama, aniwekee maji, aseme, "Mimi nimekula skuli, Baba." Hata Ijumaa. Miaka mitatu anakula skuli, na skuli zikifungwa pia anakula skuli. Hakuniambia kwa nini nami sikumuuliza, maana nilijua. Na mwaka wa pili fomu ikaja tena, akaichapa, akanipeleka. Na mwaka wa tatu.

Unalia, Laith. Lia, lakini sijafika.

Zile pesa zako. Rial mia na hamsini kila mwezi, hukukosa hata mwezi mmoja, na kwa hilo Mungu akulipe, na uliyoyafanya huko nyuma kabla ya fomu pia akulipe. Ulidhani ndizo ninazokula. Hakuna aliyekwambia vingine, na ndiyo sababu ulikuwa na moyo mkunjufu wa kuandika kwamba ni wewe peke yako. Mwanangu, sijala hata baisa moja. Unaujua ujinga wetu sisi watu wa Unguja. Mzee hali pesa ya mwanawe aliye ughaibuni, anamwekea. Babu yangu alimwekea ami yangu, na mimi nimekuwekea wewe, mwezi kwa mwezi, kwa ajili ya nyumba utakayojenga siku utakayorudi. Kile kiwanja cha Tiwi. Nilikuwa nikilala naijenga kichwani, baraza linatazama wapi, tangi la maji likae wapi, pampu ya aina gani. Hizo si zangu, nilijiambia, kwa hivyo akiba sina, kwa hivyo fomu haisemi uongo. Ndivyo mtu anavyojidanganya akitaka.

Na mimi nilikuwa nakula nini? Nilikuwa namla Ghaliya. Umeme, dawa, nepi, mtumishi wa asubuhi, petroli ya kwenda hospitali na kurudi mara tatu kwa wiki, vyote mshahara wa mwalimu. Alipewa ukuu wa skuli huko Sur, akaukataa. Alisema hapapendi Sur, pana unyevu. Hakununua hata bangili. Fomu ilisema ninatunzwa na mtu ambaye pesa yake haijawahi kununua hata mkate ndani ya nyumba hii, na haikumtaja anayenitunza, aliyenunua yote. Kila neno la fomu ile lilikuwa kinyume chake, na juu yake muhuri, na chini yake Musallam hasemi uongo.

Mwezi uliopita watu wa kodi wakakuandikia tena, wanataka ushahidi wa benki. Ukamwambia Ghaliya achape taarifa ya akaunti yangu yote, mimi sijui. Ukaiona. Rial elfu tisa na kitu. Ukanipigia, na simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu mkono wangu ulikuwa hauwezi tena kuinyanyua, na Ghaliya alikuwa ananikata kucha za miguu.

Ukasema, "Baba, hizi pesa mbona zipo?"

Nikasema, "Za nyumba yako."

Nilidhani umefurahi, Laith. Nilingoja uniambie ahsante. Ukasema, "Baba umenimaliza. Wakiziona watasema huna shida, watanidai miaka yote mitatu na faini juu yake. Zitoe humo. Zihamishie jina la Ghaliya wiki hii, kabla sijawapelekea karatasi."

Jina la Ghaliya. Lilikuwepo kumbe. Lilipotakiwa mahali pa wanaomtunza mzee halikuonekana. Lilipotakiwa mahali pa kufichia, likapatikana mara moja, na wewe ukalitamka bila ya kusita. Na yeye kichwa ameinamisha, anakata kucha. Akamaliza ukucha aliokuwa nao, akaufagia mkononi, akasema, "Kesho nina vipindi viwili tu, Baba. Nitakupeleka benki saa tano?"

Hapo ndipo nilipopiga kelele ile iliyomleta Sheikh Nasr kutoka ng'ambo ya ukuta, nikaisukuma simu ikaanguka, kifua kikanibana, na hospitali. Watu wanadhani nilimkasirikia Laith. Na wewe ulidhani hivyo, ndiyo maana umekuja na uso huo. Nilijikasirikia mimi. Wewe uliandika, mimi nilisoma, nikaelewa, nikatia sahihi mara tatu. Wewe si mwizi, babaangu. Wewe ni mtu aliyekuwa mbali, akabanwa, akaonyeshwa mlango mdogo na baba yake akamfungulia. Mwizi hapa ni mimi, na niliyemwibia ananifuta mate.

Nipe hiyo bilauri. Ahsante. Inatosha.

Andika sasa, Sheikh Nasr, na mwandiko wako uwe mkubwa. Mimi Musallam nakiri kwamba juu yangu iko haki ya binti yangu Ghaliya, kwa chakula changu, dawa yangu, mavazi yangu na kuuguzwa kwangu, kwa miaka kumi na moja, haki ya kweli, ninayoijua. Zile rial elfu tisa na zilizozidi zote ni zake, apewe kabla ya mirathi, na bado nitakuwa sijamlipa.

Unanitazama kwa jicho la karani. Najua unachotaka kusema, mrithi hausiwi zaidi ya fungu lake. Simuusii. Nalipa deni. Niulize hesabu kama unataka, yeye hana risiti hata moja, lakini mimi ninazo kichwani. Nimelala hapa miaka yote hii nikitazama dari, unadhani nilikuwa nafanya nini?

Na wewe Laith, usije ukapumua ukasema mzee kanisaidia, pesa zimekwenda kwa Ghaliya kama nilivyotaka. Hazendi kwa kujificha. Nakuusia hivi. Utawaandikia wale watu wa kodi, kwa mkono wako, kwamba baba yako alikuwa na akiba na hukujua, kwamba umejua mwezi uliopita, na kwamba alikuwa na mtu wa kumtunza na ulijua. Pale pa mistari mitatu utaandika jina lake, na jina la baba yake, na kazi yake, na miaka. Watakudai. Lipa. Ukishindwa kulipa kwa mara moja, uza fungu lako la nyumba hii, dada yako analinunua, sasa pesa anayo. Kile kiwanja cha Tiwi kipo, hicho nilikuandikia zamani, hakimo humu. Jenga au usijenge. Baraza litazame mlimani, upande wa bahari upepo wa chumvi unakula milango.

Huku kwetu nako nasikia redioni kodi ya mapato inakuja, kwa wenye mishahara minono. Itakapofika mtakuwa mmeshajifunza. Mkiandika mzee, andikeni na aliyemnyanyua.

Sheikh Muslim, unasikia bado? Vizuri. Maana sauti... inakwenda.

Mniogeshe kwa maji ya kawaida, msinipeleke mbali, hapa hapa Ibra, karibu na Kaltham kama pana nafasi, na kama hapana, basi popote. Khitma siku tatu, msiwalishe watu mpaka mkope. Msije mkasimama mbele za watu mkasema Laith alimtunza baba yake. Mkisema, semeni kweli, au nyamazeni.

Sasa radhi. Laith, sogea, nipe kichwa chako. Radhi yangu unayo. Nimekuridhia, na Mungu akuridhie, akulelee watoto wako watatu, akupe riziki isiyohitaji kunong'ona. Barua uiandike usiiandike, radhi sikuifungia na barua. Sitaki uandike kwa kuogopa laana ya mzee. Andika kwa sababu ni kweli.

Ghaliya. Wewe radhi yangu ulikuwa nayo kabla hujaiomba, na wala hujawahi kuiomba, hukuwa na wakati. Mimi ndiye... ngoja nivute pumzi.

Andika, Sheikh Nasr. Usiinyanyue kalamu. Najua haiandikwi, najua miaka thelathini mahakamani hukuona mzazi akimwomba mtoto radhi. Andika. Mimi Musallam namwomba radhi binti yangu, kwa neno nililolisema mbele ya watu nikiwa nimekaa na yeye amesimama. Na hilo likasomwe pale pale dirishani penye muhuri, Yazan alisikie.

Usinijibu, mamaangu. Usitikise kichwa. Ukinijibu saa hii utanijibu kwa huruma, kwa sababu nakufa, na huruma yako nimeshaila sana. Ngoja nizikwe. Ngoja ukae peke yako humu, ukasirike, unitukane, una haki. Kisha siku moja, huenda mwaka, huenda zaidi, ukiona limetoka lenyewe, sema. Lisipotoka usilivute. Nitangoja. Huko sina kazi nyengine.

Mungu akupe... akupe nyumba ambayo... Mungu akupe mtu wa kukuuliza umekula wapi.

Sahihi. Iko wapi. Nishikie karatasi tu, Sheikh, mkono usinishike, nitaandika mwenyewe. Imepinda. Iache hivyo.

Kinywa kimekauka. Hapana, Ghaliya, kaa. Nimesema kaa. Laith... nyanyuka wewe, ukanitilie maji. Baridi kidogo. Nenda.

Nasikia anafungua makabati. Hilo la sabuni. Hilo la viungo. Hajui vikombe viko wapi.

Anakuita, anakuuliza. Usimjibu, mwanangu. Mwache atafute. Wewe kaa... kaa tu. Tumngojee aje.